Jina Chini ya Raba

“Nani kaandika hapa?”

Hakukuwa na wa kumjibu. Corinne Pascoe alikuwa peke yake kwenye banda lake la mabati nyuma ya klabu ya gofu ya Kurrabil, kisu cha ncha iliyopinda mkononi. Mbele yake, imebanwa kwenye jiliwa, ilikuwa fimbo namba saba ya mume wake.

Alikuwa ameichana ile raba ya kushikia toka juu mpaka chini. Alitaka kumbadilishia raba zote kabla ya Jumapili, bila kumwambia, aje ashike fimbo zinazonukia upya. Chini ya raba kuna utepe wa karatasi, na juu ya utepe ule kulikuwa na mwandiko. Haukuwa wake.

*T. Veale. Kwa Garth. Julai.*

Mafundi wa fimbo za gofu wana desturi yao. Kazi ikiisha, kabla ya kuvalisha raba, fundi huandika jina lake na tarehe kwenye utepe. Mwenye fimbo haoni kamwe. Anayekuja kuona ni fundi mwingine, siku atakapoichana. Chini ya raba za Garth Pascoe, kwa miaka kumi na sita, palikuwa na jina moja tu, la Corinne.

“Tamsin Veale,” Corinne alisema, kwa sauti ya mtu aliyeuma pilipili bila kujua. “Tamsin Veale wa Ballarat.”

Mlango ukasukumwa kwa kiuno. Dulcie, mpishi wa klabu, aliingia na pai mbili za nyama kwenye sahani, sosi ya nyanya imemwagwa juu.

“Kula, mwanangu. Tangu asubuhi hujatia kitu tumboni.” Akasimama. “Una nini? Umekuwa mweupe kama unga.”

“Dulcie, Garth anakwenda Ballarat kila baada ya wiki mbili, Jumanne kama leo.”

“Si kwa daktari wa meno?”

“Tangu Machi.”

Dulcie akaweka sahani chini. “Machi mpaka Agosti? Mwanangu, hata mamba angekuwa ameshamaliza meno yote.”

“Usinichekeshe.”

“Sikuchekeshi. Nahesabu.”

Corinne akamwonyesha utepe. Dulcie akavaa miwani, akasoma, akaivua.

“Huyu Tamsin ndiye yule binti wa semina ya mafundi? Yule wa nywele fupi, aliyecheka na Garth wakati wa chakula mpaka akapaliwa?”

“Huyo huyo.”

“Ana mikono mizuri ya kazi, wanasema.”

“Dulcie!”

“Nasema wanavyosema!”

Tuelewane hapa. Mwanamume anayetengenezewa fimbo kwingine, wakati mkewe ndiye fundi mkubwa kuliko wote katika mkoa mzima wa Wimmera, amefanya kitu kibaya kuliko kuacha shati lenye rangi ya mdomo. Corinne alikuwa amepima mikono ya mji mzima, akijua nani anakaza kiwiko na nani anapiga kwa hasira. Ya Garth tu hakuwa ameipima kwa miaka sita. Ya nini? Alikuwa nayo kwenye kadi, ukutani, juu kabisa: urefu wa mpini, pembe ya kichwa, unene wa raba, kasi ya mpira. Kila seti mpya aliinakili kadi ile ile.

Wala hakuwa amemwona akicheza msimu huu. Kurrabil wanaume hucheza Jumamosi, wanawake Jumatano, na Jumamosi ndiyo siku ambayo banda la Corinne hujaa wateja. Siku pekee ambayo mume na mke hucheza pamoja ni Jumapili ya mwisho ya Agosti, Kombe la Wenzi, ambapo wawili hupiga mpira mmoja kwa zamu: mume akiutupa kichakani, mke anakwenda kuutoa. Hapo ndipo yeye na Garth walipokutana, wakati kila mmoja ameachwa na mwenzake siku ya mashindano. Jumapili hiyo ilikuwa imebaki siku tano.

Nje, mlio wa pikapu. Mbwa akabweka mara moja, akatulia.

“Ndiye huyo,” Dulcie akanong'ona. “Nikae au niondoke?”

“Ondoka. Na acha pai.”

Garth akaingia, mkulima wa shayiri, jitu la mabega mapana lenye vumbi la barabara kwenye kope. Alikuwa na mikono yote miwili mifukoni mwa koti.

“Habari za kazi, fundi?” Hivyo ndivyo alivyomwita tangu walipooana.

“Nzuri. Za Ballarat?”

“Ndefu. Barabara inachosha.”

“Na meno?”

“Meno yapo.”

Corinne alikuwa ameifunika ile namba saba kwa taulo. Akafuta mikono taratibu, akachukua fimbo ya kupimia.

“Vua koti. Nimepata vichwa vipya. Nataka nikupime upya kabla ya Jumapili.”

“Siku nyingine, Corrie.”

“Dakika kumi.”

“Zile za zamani zinanitosha.”

“Nabandika utepe chini ya kichwa, unapiga mipira sita umesimama juu ya ubao, naangalia utepe umechubuka wapi. Basi. Umefanya mara ngapi hapa ndani?”

“Nimesema siku nyingine.”

“Unaogopa nini?”

“Siogopi. Nimechoka.”

“Umechoka na nani?”

Garth akamtazama. Simu yake ikalia mfukoni. Akaitoa kwa haraka, haraka iliyozidi, ikamponyoka, ikagonga sakafu na kuteleza mpaka kwenye buti la Corinne. Uso wa simu ulikuwa juu, na ujumbe ulikuwa wazi.

*Garth, ile laini zaidi iko tayari. Njoo Jumanne ijayo saa nne. Umeshamwambia mkeo? Hutaweza kumficha mpaka Jumapili. Tamsin.*

Corinne akausoma mara mbili.  

“Okota simu yako,” akasema.

“Corrie, siyo unavyofikiri.”

“Hivyo ndivyo mnavyosema nyote. Mnafundishwa wapi, shuleni?”

“Sikiliza...”

“Nasikiliza. Unifiche nini mpaka Jumapili?”

Garth akainama. Akaichukua simu kwa mikono miwili, kama mtu anayeokota yai. Corinne aliiona ile mikono miwili. Hakuielewa. Hasira ilikuwa imemjaa mpaka kwenye kope.

“Nipe mpaka Jumatatu,” Garth akasema. “Tucheze kwanza. Mara moja, kama zamani. Halafu Jumatatu nakwambia yote.”

“Yaani nikubebee mpira wako Jumapili, halafu Jumatatu uniache?”

“Nani kasema nakuacha?”

“Basi sema sasa hivi!”

 Mwanamume aliyewahi kumzalisha ng'ombe, akimvuta ndama kwa mguu usiku wa baridi huku anaimba, leo aligeuka akautafuta mlango.

“Nakwenda kulainisha mchanga,” akasema, na kutoka.

Kurrabil hawana maji ya kumwagilia nyasi kuzunguka mashimo. Wana maduara ya mchanga mweusi uliochanganywa na mafuta, na kabla ya mashindano lazima ukwanguliwe na ulazwe. Garth alijitolea kazi hiyo kila mwaka. Corinne akamwona dirishani anavuka uwanja na mbwa wake, akiwa mdogo zaidi kwa kila hatua.

Akapiga namba ya Ballarat.

“Hujambo, Tamsin hapa.”

“Hapa ni Corinne Pascoe.”

 Upande ule mashine ya kunolea ilikuwa ikiunguruma, ikazimwa.

“Dada Corinne. Nilikuwa naisubiri simu hii.”

“Usiniite dada! Tangu lini unalala na mume wangu?”

“Nini?”

“Umenisikia.”

“Mungu wangu. Ndivyo alivyokwambia?”

“Hajaniambia chochote! Nimekata raba ya namba saba, nimekuta jina lako. Nimesoma ujumbe wako. Laini zaidi! Nini hicho kilicho laini zaidi?”

 Sauti ya Tamsin sasa ilikuwa ya mtu anayeongea karibu na kitanda cha mgonjwa.

“Ni mpini, dada. Mpini laini. Na siyo kazi yangu kukwambia zaidi ya hapo, nilimwahidi. Lakini umesema umekata raba?”

“Nimekata.”

“Ukasoma jina langu.”

“Nikasoma.”

“Basi umesoma kitu kisicho na maana. Wewe ndiye uliyetufundisha kwenye semina, usimwamini mwenye fimbo, soma fimbo. Hesabu utepe, dada. Hesabu mizunguko. Halafu kata na nyingine zote.”

Simu ikakatwa.

Corinne akalivuta taulo. Akaingiza ukucha kwenye ncha ya utepe wa namba saba, akaanza kufungua. Mzunguko mmoja. Mkono wa kawaida wa mwanamume hauhitaji zaidi ya huo. Miwili. Mitatu, hapo ni mkono mkubwa kama wa Garth, na kadi yake ukutani ilisema mitatu. Minne. Alianza kupumua kwa mdomo. Mitano, hiyo huwekewa wazee ambao vidole vyao havikunji. Sita.

Saba.

Akaileta namba tano kwenye jiliwa. *T. Veale. Kwa Garth. Mei.* Mizunguko mitano. Namba tisa, *Machi*, minne. Akakata zote, moja baada ya nyingine, raba nyeusi zikimwangukia miguuni kama ngozi za nyoka. Kisha akaondoa vichwa vya fimbo mbili na kupima mipini kwenye mizani. Haikuwa mipini yake. Kibandiko chake cheusi kilikuwa kimebanduliwa kwa uangalifu mkubwa kutoka kwenye mipini ya zamani na kubandikwa kwenye hii, ili yeye akipita asigundue. Wa Mei ulikuwa mwepesi. Wa Julai ulikuwa ule anaowapa wanawake wa miaka sabini.

Akaketi sakafuni.

Kikombe kilichomponyoka Garth Aprili, yeye akamcheka, akamwambia mikono yako imekuwa ya siagi. Mashati ya vifungo, ambayo Garth aliyaacha yote akabaki na fulana. Mkono ambao kitandani haukuwa tena unamshika kiuno, unalala tu juu yake, mzito, na yeye akidhani ni kwa sababu amenenepa. Yote yalikuwa mbele yake. Fundi mkubwa kuliko wote Wimmera nzima!

Dulcie akachungulia. “Mwanangu? Nimesikia kimya, nikaogopa kuliko kelele.”

“Sina mke mwenza, Dulcie.”

“Basi mbona unalia?”

“Bora ningekuwa naye.”

Corinne alimkuta mumewe kwenye duara la shimo la tisa. Garth alikuwa ameushika mti wa kwangulio kwa mkono wa kushoto na kuukumbatia kwa kiwiko cha kulia. Mistari aliyoichora kwenye mchanga mweusi ilikuwa imepinda. Mbwa alikuwa amelala pembeni, kidevu juu ya miguu.

“Saba,” Corinne akasema.

Garth hakugeuka.

“Mizunguko saba, Garth.”

“Tamsin kasema?”

“Fimbo zako zimesema. Nionyeshe mkono.”

“Corrie...”

“Nionyeshe mkono wako!”

Akautoa. Pale kati ya dole gumba na kidole cha shahada, ambapo mtu mwenye afya ana kilima kidogo cha nyama, palikuwa na bonde. Chini ya ngozi kitu kilikuwa kikitetemeka chenyewe, kidogo kidogo, kama maji yanayokaribia kuchemka.

“Wameupa ugonjwa jina refu,” Garth akasema. “Bado ulimi wangu haujalizoea. Zile neva zinazoendesha misuli. Zinazimika. Zimeanzia hapa. Sasa zimefika begani.”

“Zinarudi?”

“Hapana.”

“Dawa?”

“Zipo za kuchelewesha kidogo. Miezi.”

“Na madaktari wanafanya nini?”

Garth akacheka, kicheko kisicho na meno. “Wananipima. Nabana kitu, wanaandika namba. Nao ni kama wewe, fundi. Ila wewe ukishapima unatengeneza kitu.”

Corinne akampiga kifuani kwa ngumi. Mara moja, kwa nguvu zote. Garth akayumba.

“Miezi sita! Umeugua peke yako miezi sita ndani ya nyumba yangu!”

“Ndiyo.”

“Unalala pembeni yangu!”

“Ndiyo.”

“Ukampelekea mikono yako mwanamke mwingine! Kwa nini yeye? Niambie, kwa nini yeye, siyo mimi?”

“Kwa sababu hanijui!” Kwa mara ya kwanza Garth akapaza sauti, na mbwa akasimama. “Yeye akinipima anaona mteja. Anaandika, anatengeneza, namshukuru, narudi nyumbani. Wewe ungeona, Corrie. Ungeona kwa mpira wa kwanza. Nimekutazama miaka kumi na sita ukimsoma mtu akiwa anaingia mlangoni. Sikuweza kusimama mbele ya uso huo.”

“Uso gani?”

“Huo ulio nao sasa.”

Corinne akaugeuza uso.

“Kuna kadi yangu pale ukutani,” Garth akaendelea, polepole. “Kasi, pembe, kila kitu. Kwenye kadi ile mimi bado mzima. Nilitaka nikae mle kidogo zaidi. Mpaka Jumapili tu.”

Upepo ulipita juu ya shayiri ukiilaza upande mmoja.  Corinne alijua namna ya kukaza kichwa cha fimbo kilicholegea. Alijua kukata mpini robo inchi na kumfanya mtu apige mpira moja kwa moja kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alisimama pale na elimu yote hiyo, haina pa kushika.

“Nipishe,” akasema mwishowe.

“Wapi?”

“Kwenye hilo kwangulio. Umepindisha mistari. Watasema mume wa Corinne Pascoe alikuwa amelewa.”

Akaushika mti juu ya mikono ya Garth. Wakauvuta pamoja, wakilizunguka duara kutoka kwenye shimo kwenda nje, hadi mchanga ukalala.

“Jumapili tunacheza?” Garth akauliza.

“Na fimbo zipi? Nimezivua nguo zote.”

“Basi imekwisha.”

“Twende bandani, Garth.”

“Corrie, naomba...”

“Siyo ombi. Wewe ni mume wangu na mimi ni fundi. Twende.”

Bandani alibandika utepe chini ya kichwa cha fimbo ya kupimia, akamsimamisha kwenye ubao, akawasha mashine ya kusoma kasi. Dulcie alikuwa ameketi pembeni juu ya ndoo iliyogeuzwa, pai zimepoa mapajani mwake. Hakuna aliyemwambia aondoke.

“Piga.”

Garth akapiga. Fimbo ikamzunguka mkononi, mpira ukagonga wavu pembeni kabisa. Mashine ikaonyesha namba. Kwenye kadi kulikuwa na tisini na nne. Mashine ilisema hamsini na moja.



“Tena,” Corinne akasema.

Akapiga sita. Baada ya kila mmoja Corinne aliinua fimbo, akatazama pale utepe ulipochubuka, akaandika. Uso wake, ule aliouogopa Garth, ulikuwa umelowa wote, lakini aliendelea kuandika. Akambadilishia mpini mara nne. Akapunguza urefu. Akapinda kichwa nyuzi mbili kwenye jiliwa. Ilipofika mpira wa ishirini na tatu, ukatoka mwororo, wa chini, mnyoofu. Haukuwa wa mbali. Ulikuwa mnyoofu.

“Huo ulikuwa mpira,” Garth akasema, kwa mshangao wa mtoto.

“Huo ulikuwa mpira,” Dulcie akaitikia, akapenga kamasi kwa aproni.

Corinne akaiondoa kadi ya zamani ukutani, akabandika mpya mahali pake. Ile ya zamani hakuitupa. Aliitia mfuko wa kifuani.

Kisha akaanza kuzungusha utepe. Mizunguko minane. Akachukua kalamu, akamgeuzia Garth mgongo, akaandika. Aliandika kwa muda mrefu kuliko jina na tarehe.

“Umeandika nini hapo?”

“Mwenye fimbo haonyeshwi. Ndiyo desturi.”

“Nisome tu.”

“Ichane uone.”

“Niichane na nini?” Garth akainua mikono yake miwili. “Na hii?”

Wakacheka. Walicheka wote watatu, mpaka Corinne akashika meza.

“Nitakuchania mimi,” Corinne akasema. “Oktoba, utakapohitaji raba nyingine. Nitakusomea mwenyewe.”

“Na baada ya Oktoba?”

Corinne alikuwa ameshamwaga petroli ya kutelezesha ndani ya raba na juu ya utepe, na petroli hukauka upesi. Ukichelewa, raba inakwama nusu na kazi yote inaharibika. Una pumzi mbili tatu, basi.

“Shika huku chini,” akamwambia. “Kaza.”

“Sina nguvu, Corrie.”

“Kaza ulizo nazo.”

Garth akashika kwa mikono miwili, kwa kiwiko, kwa kifua. Corinne akaisukuma raba kwa nguvu zake zote, ikateleza mpaka mwisho, ikakaa sawa. Petroli ikakauka. Wakabaki wameishika fimbo ile, mmoja huku na mmoja kule, wala hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuiachia.